Maji ya Bukavu yanachemka kwa digrii ngapi? Kisa cha mwalimu mmoja katika masomo ya likizo

Kisa hiki kinamhusu mwalimu wa fizikia na kemia wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nitamwita Mama N. Jina la shule yake, la chuo chetu, na mwaka wenyewe nimeviacha. Vipimo nimeviacha kama vilivyoandikwa. Mimi nilikuwa CT (chef de travaux), mwalimu wa chuo niliyesimamia kazi za vitendo, TP kama tunavyozoea kuziita, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba sehemu ya makosa yatakayosimuliwa ni yangu.

Mwalimu na programu

Mama N. alikuwa na G3, cheti cha miaka mitatu ya chuo, na miaka 14 ya ualimu, akifundisha darasa la tano na la sita la sekondari, mkondo wa sayansi. Darasa lake la tano lilikuwa na wanafunzi 58. Maabara ya shule ilikuwa kabati moja lenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao prefe, yaani mkuu wa shule.

Alijiandikisha kwetu kutafuta L2, shahada ya licence inayofuata G3. Chuo kilikuwa kimefungua masomo ya likizo kwa walimu walio kazini: likizo kubwa tatu, wiki sita kila moja, kuanzia katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti, wakati wa kiangazi. Mwishoni kulikuwa na kazi ya kuandika na kuitetea mbele ya juri. Ada ya msimu mmoja ilikaribia mshahara wake wa mwezi.

Wazo la kuwarudisha walimu chuoni wakati wa likizo si letu. Marekani walilianza katika miaka ya 1950, kwa fedha za Mfuko wa Taifa wa Sayansi, NSF, ulioundwa mwaka 1950, na waliposhtuliwa na Sputnik, setilaiti ya Wasovieti, tarehe 4 Oktoba 1957 wakalimwagia fedha zaidi. Maprofesa wetu walipenda kulitaja hilo kwenye hotuba za ufunguzi. Hawakupenda kutaja kwamba mwalimu wa Marekani aliyekwenda kusoma likizo alilipwa posho, na nyongeza kwa ajili ya watu wanaomtegemea. Wa kwetu alilipa yeye.

Msimu wa kwanza: viti vinabaki wazi

Ratiba ya kwanza ilikuwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Walijiandikisha 27. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nawahesabu 16. Kwenye kikao cha chuo ilisemwa kwamba walimu wa siku hizi ni wavivu, na mimi nikanyamaza, kwa kuwa ndio kwanza nilikuwa nimeteuliwa.

Baadaye nikawauliza wenyewe, mmoja mmoja, si kwa karatasi. Wengine walikuwa wanasahihisha. Wengine walikuwa wanafundisha watoto waliopewa mitihani ya marudio ya Septemba, na hiyo ndiyo ilikuwa fedha ya ada ya watoto wao wenyewe. Wengine wana mashamba ya bondeni upande wa Kabare na Walungu, na bonde hulimwa kiangazi, maji yanapopungua. Mama N. alikuwa akiuza vitambaa sokoni Kadutu kuanzia saa nane mchana. Sisi tuliita Julai na Agosti likizo, wao waliziita msimu.

Tuliamua kuanza saa moja asubuhi na kumaliza saa sita na nusu, na kuongeza Jumamosi. Waliopinga walikuwa maprofesa wageni, waliolipwa kwa siku na waliotaka kumaliza saa zao haraka waondoke. Hoja iliyoshinda haikuwa ya huruma: tulionyesha kwamba mtu aliyekosa nusu ya somo analipiwa nusu ya ada, na nusu ya pili chuo hakitaiona kamwe. Kabla ya wiki ya tano walirudi saba.

Kuhusu kilichofundishwa msimu huo sina mengi ya kusema. Ubao, chaki, hesabu za thermodinamiki. Mama N. alipata 14 kwa 20.

Novemba nilikwenda kumtazama darasani. Somo lilikuwa mabadiliko ya hali za maada. Aliandika tarehe, kichwa cha somo, kisha akaamuru: andikeni. Wanafunzi 58 wakaandika kwa Kifaransa kwamba maji huchemka kwa 100 °C, wakalirudia kwa pamoja mara tatu, na sauti ikatoka hadi barabarani. Katika daftari langu la ukaguzi niliandika: «Somo limepangika. Sauti nzuri.» Daftari hilo ninalo bado.

Msimu wa pili: ripoti 19, namba moja

Msimu wa pili tulibadilisha mtindo. Tulikuwa tumesoma jinsi Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kilivyokuwa kikiwafundisha walimu wa fizikia wakati wa kiangazi, kwa njia iliyohusishwa na David Hestenes: mwalimu anaketi kwanza kama mwanafunzi, anafanya jaribio, anaandika alichokiona kwenye kibao kidogo, anakitetea mbele ya wenzake, halafu anavaa tena koti la ualimu na kuuliza jinsi atakavyolifundisha. Vibao vyao ni vyeupe na vya kununua. Vyetu vilikuwa vipande vya tripleksi, mbao nyembamba, tulivyovipaka rangi nyeusi.

Jaribio la kwanza lilikuwa rahisi kupita yote, nililichagua ili watu wazoee. Nusu lita ya maji kwenye sufuria, mbabula yenye makala, yaani jiko la makaa, kipimajoto cha alikoholi kilichofungwa kwa uzi kisiguse chini. Soma kila dakika. Chora mchoro. Waliobaki walikuwa 19, na kila mmoja aliandika ripoti yake.

Ijumaa jioni nilizikusanya nikaziona nzuri. Mistari inapanda, halafu inalala bapa kwenye 100. Nilikuwa nimeshaanza kutoa alama.

Jumamosi mzee anayetunza maabara alikuwa akiosha vyombo. Akaniambia, bila hata kugeuka: «CT, hivi vipimajoto vyenu vyote vimezeeka. Jana nilizunguka nikaangalia. Hakuna hata kimoja kilichofika mia. Vyote vinagoma kwenye tisini na tano.»

Vipimajoto havikuwa vimezeeka. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita 1,460 hivi. Hewa iliyo juu yetu ni pungufu, shinikizo lake ni karibu hektopaskali 850 badala ya 1013 za ufukweni, na maji hayangoji hadi 100 ndipo yachemke. Yanachemka kwenye 95. Nililijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Nililijua kama swali la mtihani.

Nikarudi kwenye ripoti. Kumi na tisa, zote 100. Moja tu ilikuwa na alama ya kifutio, na ukiiinua kwenye mwanga chini ya 100 iliyoandikwa kwa wino unaona 95 iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Ilikuwa ya Mama N.

Jumatatu niliyosoma majina

Hapa nilifanya uamuzi mbaya, na nieleze kwa nini niliuona mzuri. Niliogopa kwamba nikinyamaza, nitakuwa nimefundisha walimu 19 kwamba namba inaweza kutungwa, na kila mmoja atawapelekea watoto wake hamsini. Basi Jumatatu nikasimama, nikazisoma ripoti kwa majina, moja baada ya nyingine, na baada ya kila jina nikauliza: «Uliiona 100?» Kwa jina la tano au la sita nikatumia neno uongo.

Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyebakiza miaka michache astaafu, mtu ambaye nusu ya vijana wanaofundisha fizikia mjini hapa walipita mikononi mwake. Hakujibu. Alikunja karatasi zake taratibu, akazitia mfukoni, akasema «asante, kijana wangu,» akatoka. Mwenzake mmoja akamfuata. Hawakurudi kesho yake wala msimu wa tatu.

Wengine walipotoka, Mama N. alibaki.

«CT, naomba nikuulize. Na wewe ulikuwa hapo. Kipimajoto cha meza yako kilisoma ngapi?»

Sikukumbuka. Ukweli ni kwamba sikukitazama. Nilikuwa nikizunguka kuangalia kama makala yanawaka na kama meza hazichafuki.

Akaketi. Akaniambia jambo ambalo limebaki kuwa uchunguzi bora kuliko wangu wote katika kisa hiki. Mezani, alisema, walikuwa wakiongea Kiswahili, na wawili wakiongea mashi, lugha ya Washi wa huku, na wote waliona. Walicheka hata: «yamegoma, ongeza makala!» Waliongeza makala mara mbili. Lakini saa ya kuandika ripoti walihamia Kifaransa, na kwa Kifaransa sentensi ya kuchemka kwa maji alikuwa nayo tayari kichwani tangu utoto, na sentensi hiyo ina namba yake ndani. «Niliandika 95 kwa risasi. Nilipoanza kunakili kwa wino, mkono ukaandika wenyewe. Halafu nikaangalia alama zenu, nikaona nimefanya vizuri.»

Alama zetu. Nikafungua karatasi ya kusahihishia niliyoiandaa mimi mwenyewe. Kati ya pointi 20, pointi 6 zilikuwa za «matokeo sahihi», maana yake yaliyo karibu na thamani ya kitabu. Aliyeandika 95 angepoteza karibu zote.

Mwaka wa shule: barafu, Uvira na simu

Mama N. aliomba hilo ndilo liwe somo la kazi yake ya mwisho: kipimo cha kuchemka kwa maji Bukavu, na jinsi wanafunzi wanavyokishughulikia kipimo kisichofanana na kitabu. Profesa msimamizi aliona somo ni dogo mno kwa L2. Tulikubaliana kulikubali kwa sharti kwamba aonyeshe, bila kutegemea kitabu, kuwa kipimajoto chake hakidanganyi. Sharti hilo ndilo lililoifanya kazi iwe kazi.

Kwa maana hilo ndilo swali la kwanza ambalo mwanafunzi mwenye akili atauliza, na liliulizwa wiki ya kwanza na msichana wa benchi la nyuma: tutajuaje kwamba kosa ni la hewa, si la kioo? Mama N. alikwenda kwa muuza vinywaji baridi akanunua mfuko wa barafu, wakaiponda kwa nyundo, wakaichanganya na maji kidogo, wakatumbukiza vipimajoto vyote sita. Sababu ya kuchagua barafu ni kwamba kuyeyuka kwake hakujali mwinuko kama kuchemka kunavyojali. Kutoka Bukavu hadi baharini tofauti haifiki hata sehemu moja ya mia ya digrii. Vitano vilisoma 0. Kimoja kilisoma karibu 2, wakakifunga utepe mwekundu wakakiweka pembeni. Wanafunzi walikipa jina ambalo sitaliandika.

Halafu mbabula. Makundi matano, siku tatu tofauti. Usomaji ulikuwa kati ya 94 na 96, nyingi zikiwa 95. Mama N. aliwazuia kufuta. Kila kundi lilikuwa na karatasi moja ya kipimo, kwa kalamu ya wino, kwa lugha yoyote, na ilibaki kwake kabla hawajatoka mlangoni, na majivu yake na matone yake. Ripoti ya Kifaransa ilikuja siku ya pili, na ilibandikwa juu ya ile chafu.

Mwalimu mwenzake wa msimu, wa Uvira, alifanya jaribio hilo hilo kwa utaratibu huo huo. Uvira iko ukingoni mwa Tanganyika, kwenye mita 770 na kitu. Alipata kati ya 97 na 98. Alileta karatasi zake kwa gari la njia ya Ngomo, zimefungwa ndani ya mfuko wa sukari. Mama mmoja mzazi aliposikia habari hizo kwenye mkutano wa shule alisema yeye ameolewa kutoka Uvira, na kwamba maharagi ya huku yanakula makala kuliko ya kwao, na siku zote alidhani ni aina ya maharagi. Sijui kama ni ushahidi. Mama N. aliliandika katika utangulizi wake na profesa akalikata, yeye akalirudisha.

Kulikuwa na simu moja darasani yenye kipimo cha shinikizo la hewa, ya kijana mmoja ambaye hakujua simu yake inakipima. Ilisoma hektopaskali 851. Kwenye jedwali la mvuke, linaloonyesha maji yanachemka kwa digrii ngapi kwa kila shinikizo, 851 inaangukia juu kidogo ya 95.

Kwenye kibao cha tripleksi wakaweka nukta tatu: bahari 100, Uvira 97 na nusu, Bukavu 95. Wakachora mstari. Unashuka karibu digrii moja kwa kila mita 300. Wakaurefusha hadi mlima Kahuzi, mita 3,308, wakapata 89. Mama N. aliwaambia mstari huo si sheria, unajipinda kidogo, na kwamba nukta ya bahari hawakuipima wao, wameiazima. Kwa hiyo ikachorwa kwa chaki ya rangi nyingine. Mimi nisingelifikiria hilo.

Prefe na Egzeta

Mzazi mmoja, baba safari hii, alikwenda kwa prefe na daftari la mtoto wake. Daftari lilikuwa na 95. Prefe akamwita Mama N.

Nimesikia kisa hiki kikisimuliwa kwa kumcheka prefe, na sipendi. Shule ya kulipia inaishi kwa asilimia yake ya Mtihani wa Serikali. Mtihani huo, Egzeta kama tunavyouita, una maswali ya kuchagua, mtoto wa Bukavu na wa Matadi wanaweka alama kwenye karatasi moja, na hakuna nafasi ya kueleza kwamba kwenu kuna mlima. Prefe alimwambia: «Mama, mimi sikatai unachosema. Lakini karatasi itauliza 100. Ukiwapoteza watoto, nitakayeulizwa ni mimi.»

Alikuwa na njia tatu. Aache jaribio na arudi kwenye andikeni. Au alifanye nje ya vipindi, kama mchezo wa klabu, lisiingie daftarini. Au vyote viwili viingie daftarini, kwa sentensi moja inayovishika pamoja. Njia ya pili ilikuwa salama na mimi nilimshauri aichukue. Aliikataa. Alisema mtoto akiona kwamba cha kwenye daftari na cha kwenye sufuria vinaishi nyumba mbili, atajua kipi ni cha masomo, na 100 itarudi kuandikwa na mkono wenyewe.

Alikwenda kwa prefe na kitabu kile kile cha darasa. Chini ya sentensi ya 100, kwa herufi ndogo, kuna maneno: kwa shinikizo la kawaida. Prefe aliyasoma mara mbili. Akauliza la kawaida ni lipi. Akaambiwa hektopaskali 1013, yaani la ufukweni. «Kwa hiyo kitabu hakikukosea?» Hakikukosea. «Basi waandike na hayo maneno madogo.» Tangu siku hiyo sentensi ya daftari ikawa moja: maji safi huchemka kwa 100 °C pale shinikizo linapokuwa 1013, na hapa Bukavu, kwenye 850 hivi, tulipima 95. Ufunguo wa kabati ukahamia kwa Mama N., jambo ambalo hakuna aliyeliomba.

Matokeo

Msimu wa tatu aliandika na kutetea. Mjumbe mmoja wa juri alimuuliza kazi yake imeongeza nini kwenye sayansi. Alijibu: «Kwenye sayansi, hakuna, Profesa. Kwenye darasa langu, mwaka huu ripoti hazikufanana.» Alifaulu. Hadi ninapoandika, faili lake la kupandishwa daraja kutoka G3 hadi L2 bado liko njiani, na mshahara ni ule ule.

Nilirudi darasani kwake mara mbili. Bado anaamuru andikeni, nusu ya vipindi. Ana wanafunzi 58 na vitabu 6, na sitamlaumu. Kilichobadilika ni kwamba kabla ya andikeni kuna karatasi chafu.

Uchambuzi

Kilichowafukuza walimu msimu wa kwanza kilikuwa saa zetu, na hilo lilirekebishika kwa kuhamisha ratiba bila senti moja. Lakini halikumaliza tatizo, kwa kuwa mwalimu anayelipa ada na kupoteza kipato kwa wakati mmoja analipa mara mbili. Programu isiyoweza kutoa posho angalau isisemwe kwamba inafuata mfano wa Marekani.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwenye karatasi ya alama. Pointi 6 kwa «matokeo sahihi» ni bei, na walimu 19 walilipwa bei hiyo kwa kuandika nisichokiuliza wamekiona wapi. Nilipowasomea majina nilikuwa nikiwahukumu kwa sheria ambayo karatasi yangu ilikuwa imeipinga tayari. Ningefanya nini badala yake? Nadhani ningewasha mbabula moja mbele yao wote Jumatatu ile, nisiseme neno, nikamwomba yule mzee wa maabara asome kipimajoto kwa sauti. Angesoma 95. Dakika kumi zingetosha.

Chaguo la jaribio lilitusaidia, na kwa bahati. Mwaka uliofuata mwalimu mwingine alitaka kufanya vivyo hivyo kwa mvutano wa ardhi, kwa kuwa vitabu vinatoa 9,81 na huku karibu na ikweta, juu ya mlima, ni karibu 9,78. Hoja nzuri, ila piga hesabu. Pendulamu ya mita moja, mizunguko 100: kwa 9,81 ni sekunde 200,6, kwa 9,78 ni sekunde 200,9. Tofauti ya sehemu tatu za kumi za sekunde, wakati kidole cha mtu kwenye saa ya simu kinakosea karibu hicho hicho, na milimita tatu za uzi zinatosha kuificha yote. Kwenye maji, tofauti ni digrii tano na kipimajoto cha bei ndogo kinakosea digrii moja. Kabla ya kumwambia mwanafunzi aamini macho yake dhidi ya kitabu, hakikisha macho yake yanaweza kushinda.

Kuhusu lugha, tumeweka kanuni moja: karatasi ya kipimo huandikwa kwa lugha iliyozungumzwa mezani. Baadhi ya wenzangu wanaona ni kushusha Kifaransa. Ripoti za Kifaransa tunazopata sasa ni fupi kuliko za zamani na zina makosa zaidi ya sarufi, hilo ni kweli.

Na kuna jambo ambalo halijatatuka. Kundi lililofuata la masomo ya likizo lilikuja likiwa limesikia kisa hiki. Tukawasha mbabula, tukagawa vipimajoto, na kati yao kwa makusudi nikatia kile chenye utepe mwekundu, utepe nikiwa nimeutoa. Ripoti zilikuwa 22. Zote ziliandika 95, pamoja na ya meza iliyokuwa na kipimajoto kibovu, ambayo ilipaswa kuona 97.

Sasa tunatia chumvi. Kila meza ina kiasi chake na hakuna anayeambiwa. Gramu 58 kwa lita moja hupandisha mchemko karibu digrii moja tu, kwa hiyo tunatia mara mbili au mara tatu ya hapo, na meza moja tunaiacha na maji matupu. Mzee wa maabara ndiye anayejua kiasi, ameandika kwenye kikaratasi na kukitia ndani ya kofia yake. Mimi mwenyewe sijui, kwa hiyo siku hizi inanibidi nitazame.

Wale wawili waliotoka Jumatatu ile niliwaandikia barua, kila mmoja yake. Mdogo alijibu, na mwaka jana alikuja kuazima kipimajoto. Yule mwalimu mzee tukikutana Nyawera ananisalimu vizuri na kuniuliza habari za nyumbani. Barua hajaitaja.